Mashine Iliyovaa Sweta

Skarvavík, 8 Januari 2002

Billa,

Mashine ya gemu imekufa. Imekufa Jumapili mchana, watoto tisa wamejaa sebuleni kwangu, na Rannvá wangu amebakiza bao moja tu amfunge Bárður. Nimeanza na hilo kwa sababu ningeanza na salamu karatasi ingeisha sijafika.

Sasa salamu. Hujambo mdogo wangu, habari za huko Kopenhagen, na kile kifua chako kimepona? Sisi wazima kabisa. Shemeji yako Hanus yuko baharini, upande wa Iceland. Kapiga simu mara moja kusema chakula cha melini ni kibaya, maana yake ananikumbuka. Kondoo wote salama, ila yule dume kaingia makaburini akala mashada ya Krismasi. Mchungaji mwenyewe kaja mlangoni kunishtaki. Nikamwambia ashukuru, maana kaanza na makaburi ya ukoo wa Hanus.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu ya nyumba hii iko jikoni, na Rannvá anasikia mpaka nikifikiri. Kwa hiyo tuandikiane.

Mashine yako, mdogo wangu, imefanya makubwa. Tulipohamia huku kisiwani, kijijini kwao Hanus, kiangazi kilichopita, Rannvá hakupata mtoto wa kucheza naye. Si kwamba alikuwa na shida, ni watoto wa huku wana haya. Ulipotutumia mashine Oktoba, haya ikawaisha. Turið, binti wa mwenye duka, aliyekuwa anampita mwanangu njiani kama anapita nguzo ya simu, siku hizi anaingia bila hodi na anajua sukari naiweka wapi. Na Rannvá anawafunga wote. Sisemi kwa kujisifu, lakini kamfunga Bárður mabao saba, na Bárður ana miaka kumi na minne na ameanza kuota masharubu.

Basi Jumapili picha ikaganda, ikachora mistari, taa ikawa nyekundu, kimya. Nikaipiga kofi dogo ubavuni, kama ninavyoipiga mashine ya kufulia. Wapi. Bárður akasema, "Basi nimeshinda." Nikamwambia, "Mechi iliyokatika haina mshindi, keti ule keki."

Kijitabu chake kinasema ina waranti ya miaka miwili, irudishwe duka lilikonunuliwa, pamoja na risiti. Duka liko huko kwako na risiti unayo wewe. Naituma na meli ya Alhamisi. Nimeifunga kwa sufu mbichi, hata ikidondoka gatini haitajua. Kandokando nimekuwekea paja moja la kondoo kutoka kibanda chetu cha kukaushia, maana nakujua, unakula mikate ya kazini tu.

Na nimeivalisha sweta lake. Hujaliona. La kijivu, nyota nyeupe kifuani, shingo ya kukunja, na nyuma nimeacha tundu la kupitishia waya. Mke wa mchungaji alilipindua ndani nje kutafuta kosa, akalirudisha mezani bila kuliona.

Usije ukafikiri watoto wanakuja kwa ajili ya mashine. Wanakuja kwa ajili ya Rannvá. Lakini fanya haraka.

Dada yako,
Marjun


Kopenhagen, 24 Januari 2002

Dada Marjun,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji ya matope. Kifua kimepona. Kazini bado naingia alfajiri, na mwokaji mkuu bado anaimba. Msalimie shemeji akipiga simu, na huyo dume mwambie namuunga mkono.

Meli ilizuiwa na dhoruba, kwa hiyo kifurushi kimefika Jumatatu hii. Posta wameniita kwa simu, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Karani alikisukuma kwenye kaunta kwa ncha ya rula.

"Bibi, humu kuna nini?"

"Mashine ya gemu."

"Na kingine?"

"Paja la kondoo."

"La lini?"

"La Oktoba."

Akaniangalia, akasaini yeye badala yangu. Nyumbani nako jirani wa juu akamwita mtunza jengo, akidhani gesi inavuja. Mtunza jengo kaja na kifaa chake cha kunusia, kaondoka na kipande cha nyama kwenye gazeti. Jana karudi kuuliza kama gesi bado inavuja.

Sasa dukani. Kijana wa kaunta ana hereni na subira. Akaiinua mashine, akainusa, akaitua taratibu.

"Nyumbani mnavuta sigara?"

"Hapana. Tunakausha nyama."

Kisha akalishika sweta kwa vidole viwili. "Na hili?"

"Nguo yake."

"Huwa inalivaa ikiwa inachezwa? Nauliza kwa sababu mashine iliyofunikwa haina waranti."

Nikasema, "Hapana, hiyo ni nguo ya safari tu." Nilisema kwa uso mkavu, dada, na nikajiamini, kwa sababu nilidhani ndivyo ilivyo. Ndivyo ilivyo?

Wameipeleka karakana. Wamesema tusubiri kama wiki tatu. Sweta nimebaki nalo mimi, na kweli ni zuri, siwezi kukunyima hilo.

Rannvá anaendeleaje? Umeniandikia mabao yake yote, lakini siku zake sijazisikia.

Mdogo wako,
Billa


Skarvavík, 6 Februari 2002

Billa mdogo wangu,

Nimefurahi kifua kimepona. Hapa wote wazima. Hanus kaja nyumbani siku tisa, kala, kalala, karekebisha mlango ambao haukuwa na ubaya, kaondoka. Mlango sasa haufungi.

Huyo kijana wa hereni mwambie mimi nimeacha shule nikiwa na miaka kumi na minne nikaenda kukata samaki kiwandani, lakini hata mimi najua sufu haijawahi kuua kitu. Katika nyumba hii birika la kahawa lina nguo. Cherehani ina nguo. Redio ya marehemu baba unaikumbuka? Imevaa sweta tangu wewe hujaanza shule, na mpaka leo inasoma taarifa ya hali ya hewa kama kawaida, mbaya kila siku. Wadani wanaacha vitu vyao uchi halafu wanashangaa vinakufa.

Umeuliza habari za sweta. Nitakujibu. Ni sufu ya kondoo wetu wenyewe, nimeisokota mwenyewe, nimelifuma wakati wa Majilio wote na kulimaliza mkesha wa Krismasi, na likaingia kama mashine imezaliwa nalo. Ndiyo habari za sweta.

Rannvá hajambo sana. Amekuwa msomaji. Amemaliza rafu nzima ya maktaba ya shule na sasa ameanza ile ya vitabu vya kilimo. Anatembea na mbwa mpaka mnara wa taa na kurudi, wakati mwingine mara mbili. Amefuma soksi jozi nne. Mtoto mwenye utulivu namna hiyo sijui kama huko kwenu mnaye. Watoto wenzake wana mambo mengi, unajua mwezi wa pili ulivyo, kuna mafua, kuna mazoezi ya kupiga makasia, kuna giza.

Turið nilimwona dukani. Kaniuliza, "Mashine imepona?" Nikamjibu inakuja wiki ijayo.

Najua haiji wiki ijayo. Waharakishe.

Marjun


Kopenhagen, 21 Februari 2002

Dada,

Haraka haraka, nikiwa na unga mikononi. Wazima wote? Mimi mzima.

Karakana wamejibu. Wanasema mashine haina kosa lolote. Wameiwasha na kuicheza siku nne mfululizo, haikuganda hata mara moja. Wameirudisha na karatasi inayosema "hakuna kosa lililoonekana". Nimewauliza inawezekanaje kitu kife kwenu na kifufuke kwao. Kijana wa hereni akasema, "Labda ilikuwa imechoka na kelele za watoto."

Nimekaa nayo hapa usiku wa Jumanne na Jumatano, nimecheza na mtunza jengo, kanifunga vibaya. Mashine safi. Naituma kesho, pamoja na sweta.

Hujanijibu lile swali la sweta, lakini.

Billa


Skarvavík, 4 Machi 2002

Billa,

Imekufa tena.

Habari za huko, na hao Wadani wa karakana hawana haya? Sisi wazima. Ijumaa meli imeingia, mimi nilikuwa gatini kabla ya kamba. Nikapita dukani na boksi kwapani, na kwa kuwa kulikuwa na foleni nikaona niwajulishe watu wote mara moja, isije ikawa wengine hawajui. Jumamosi watoto wamekuja kumi na wawili. Kumi na wawili, Billa, na viatu vyao mlangoni kama kuna harusi. Niliwasha jiko la mafuta tangu asubuhi sebule ikapata joto tamu. Nilipika keki mbili za jamu ya rubarbi. Mashine ilikuwa imependeza sana pale chini ya TV.

Rannvá alikuwa anaongea. Nakwambia alikuwa anaongea mpaka hakula.

Mechi ya tatu, picha ikaganda. Mistari. Taa nyekundu. Turið akasema, "Mashine yenu ni mbovu tu," akachukua koti lake. Wengine wakamfuata. Bárður kamalizia kwanza keki yake, kisha naye akaenda.

Rannvá akasema, "Si kitu, mama." Kisha akaosha vikombe vyote kumi na viwili, na mimi sikuwa nimemwomba.

Nataka unisaidie kuwaandikia hao mafundi barua kali. Maneno makali ya Kidani sina.

Marjun


Kopenhagen, 11 Machi 2002

Dada yangu mpenzi,

Salamu, na leo zitakuwa fupi kwa sababu nimekasirika kidogo na nakupenda sana.

Umeandika mashine ilikuwa imependeza. Imependeza kwa kitu gani?

Nimehesabu kwenye barua zako. Mashine imekuja kwenu Oktoba, imecheza Oktoba, Novemba na Desemba bila kukohoa. Mkesha wa Krismasi umemaliza sweta. Siku ya Mamajusi, tarehe sita Januari, imekufa. Huku imekaa uchi, imecheza na fundi, na mimi, na mtunza jengo, ikawa nzima. Imerudi kwenu, ikapendeza, ikafa.

Sikulaumu. Ningekuwa na mikono kama yako ningevalisha hata basi. Lakini fundi anatafuta akiwa amefumbwa macho, na aliyemfumba ni mimi, kwa uongo nilioutoa dukani kwa niaba yako. Tukiirudisha mara ya pili bila kusema kweli watatuambia tena haina kosa, na mara ya tatu hawataipokea.

Na lingine. Mtoto wa miaka kumi na miwili hasomi vitabu vya kilimo kwa utulivu. Hakuna anayekuja kwenu, dada. Tangu uhamie mimi sijaiona hata nyumba hiyo, lakini nawaona nyote wawili mmekaa mle ndani, yeye anakuambia si kitu, na wewe unaniambia mimi si kitu.

Niambie ukweli, nikamwambie fundi.

Billa


Skarvavík, 17 Machi 2002

Billa,

Wote wazima.

Ndiyo. Linavaliwa. Asubuhi mpaka jioni, ikichezwa na isipochezwa. Hapa kwetu halijawahi kuvuliwa tangu Krismasi, isipokuwa siku ile mke wa mchungaji alipolipindua.

Na hakuna anayekuja. Mwalimu kaniambia anakula chakula chake cha mchana dirishani, peke yake, akiangalia nje kama anasubiri basi. Huku hakuna basi.

Kamwambie fundi. Wakisema sweta ndilo lililoiua na waranti haipo, iwe hivyo, waseme wanachotaka. Ila Rannvá asijue. Alilisifia sweta lile asubuhi ya Krismasi, alilishikashika mpaka nikamwambia ale kwanza. Sitaki ajue ni mikono ya mama yake iliyowafukuza wenzake.

Mashine na sweta vimeondoka na meli ya leo. Nyama sijaweka, sikuwa na moyo.

Marjun


Kopenhagen, 2 Aprili 2002

Dada Marjun,

Kaa chini. Una kahawa? Mimina.

Pasaka imekuwa njema, nimeokota mayai ya chokoleti ya kazini mpaka nimekinai. Sasa sikiliza.

Sikupitia dukani safari hii. Jumatano kabla ya Pasaka niliibeba mashine mwenyewe mpaka karakana, nje ya mji, nyuma ya uwanja wa treni. Ni banda kubwa lenye baridi, mafundi wote wamevaa mafulana mazito. Nikampata fundi mkuu, Bi Lindegaard, mwanamke wa makamo mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Nikamwambia yote. Nikamwambia Januari nilisema uongo.

"Nilijua," akasema. "Kijana wa dukani alinisimulia hilo sweta. Hakuna anayefuma tundu la waya kwenye nguo ya safari."

Nikamsogezea mashine, dada.

Akaichukua mashine, akaivalisha. Akaikunja na shingo yake vizuri, kama anamvalisha mtoto wa shule. Akaiwasha, akaniita na kijana mmoja wa pale tukacheza, yeye kaketi na mkate wake anatazama. Mafundi wengine wakaacha meza zao wakaja. Mmoja akauliza kama kuna la saizi yake.

Kabla mkate haujaisha, mistari. Taa nyekundu. Nikafunga macho. Nikafikiri, basi, nimeipata barua nitakayoshindwa kumwandikia dada.

Bi Lindegaard akaiwasha tena, akaweka sikio kwenye sweta. "Njoo usikilize," akasema.

Nikaweka sikio. "Sisikii kitu."

"Hata mimi. Na humu ndani kuna feni. Hata ukiivalisha godoro, feni ungeisikia."

Akaivua sweta, akafungua mashine. Akaniita nione. Feni ipo, mpya, inang'aa, haina hata unywele wa sufu. Waya wake umelala pembeni haujachomekwa mahali pake. Haujawahi kuchomekwa, dada. Kiwandani kuna mtu alikwenda kunywa chai akasahau. Mashine ile imeishi tangu Oktoba bila kupumua. Katika banda lao la baridi iliponea kwa baridi. Kwangu nako unajua ninavyobania gharama za joto, ni baridi vilevile. Kwenu, na jiko la mafuta, na sweta, ikazidiwa.

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Na waranti?"

"Hili ni kosa la kiwanda, waranti inalibeba lote. Tungeirudisha tena kama nzima, na tena, mpaka waranti iishe. Mwambie dada yako sweta lake ndilo kipimo ambacho sisi hatukuwa nacho."

Maneno yake hayo, sijaongeza chumvi. Wamechomeka waya, wakabadilisha na kipande kimoja cha ndani kilichokuwa kimeungua kwa joto, wakaniandikia karatasi, na leo imepanda meli.

Sharti moja, na hili Bi Lindegaard alinishika mkono akilisema: ikichezwa iwe uchi. Ni kama kibanda chenu cha kukaushia nyama, ukiziba mianya ya mbao upepo ukakosa pa kupita, nyama inaoza. Ikizimwa na kupoa, ivae inavyotaka.

Kwa hiyo hukuiua, Marjun. Ukitaka, mwambie Rannvá. Usipotaka, nitamwambia mimi.

Billa


Skarvavík, 15 Aprili 2002

Billa mdogo wangu, kipenzi, mwenye masikio mema,

Nilijua. Toka siku ya kwanza nilisema sufu haiui kitu, soma barua zangu.

Habari za huko? Huku wazima kuliko wazima. Hanus anarudi tarehe ishirini na tatu. Wana-kondoo wameanza kuzaliwa, mmoja ana doa jeusi jichoni kama kapigana. Barua hii naituma kwa ndege, gharama si kitu.

Dukani nimewaeleza wote, pole pole, nikiwasomea ile karatasi ya mafundi, ili wenye Kidani kidogo wafuate, kwamba kiwanda kizima cha wasomi kimeshindwa kuona kosa, karakana nzima ya Kopenhagen imeshindwa, na sweta la Marjun wa Skarvavík limeliona. Mke wa mchungaji alikuwa ananunua chumvi. Kaniomba nimwonyeshe ile shingo ya kukunja inaanzwaje. Nimemwambia nitaangalia nafasi.

Rannvá nilimweleza mwenyewe, yote, na ule uongo wako. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema, "Mama, kumbe ungeifumia na kofia tungejua mapema zaidi." Huyo ndiye aliyekuwa anasoma kilimo.

Sasa jambo lenyewe. Mashine imekuja Alhamisi. Jumamosi iliyopita watoto wakaja. Si wote, saba. Turið alikuja wa mwisho, akasimama mlangoni, akauliza, "Haitakufa?" Rannvá akamwambia, "Ikifa tutakuzika wewe." Wakaingia. Mashine uchi, feni inalia kama nyuki, mimi nimekaa jikoni nafuma na kuisikiliza. Sikufuma safu moja sawa.

Mechi ya pili, mashine ikazimika.

Nilisimama na sindano mkononi. Nikasema, basi. Lakini na taa ya jikoni imezimika, na jokofu limenyamaza, na dirishani kijiji kizima ni giza. Upepo ulikuwa umeangusha waya wa umeme kule mlimani. Mashine haikuwa na kosa lolote. Lakini mtoto akitaka kwenda nyumbani, kosa ni la nani linamhusu nini? Nikasikia Bárður anatafuta kiatu. Nikasema moyoni, sasa wataondoka kama siku ile, na mwanangu ataosha vikombe gizani.

Halafu nikasikia sauti, Billa, sauti nzito kama ya yule mtangazaji wa mpira wa redioni. "Bárður anapata mpira upande wa kushoto. Bárður anaukanyaga mpira. Bárður anaanguka, wazazi wake jukwaani wanajifanya hawamjui."

Ilikuwa Rannvá.

Turið akapiga yowe la kicheko. Bárður akasema, "Siyo kweli, nimeinuka, nimepiga shuti." Rannvá akasema, "Anapiga shuti, kondoo mmoja nyuma ya goli anajeruhiwa." Basi ikawa hivyo. Wote wameshika vile vishikio vya kuchezea vilivyokufa, wengine wameshika vijiko, wanapiga kelele wanachofanya, na Rannvá anatangaza, anaamua, anatoa kadi nyekundu. Kamtoa nje Turið kwa kosa la kula keki eneo la hatari. Turið akaenda kweli kukaa ukumbini, akawa anaomba msamaha kwa kupitia tundu la ufunguo. Mimi nimekaa jikoni gizani nimeziba mdomo kwa sweta.

Umeme ukarudi. Taa zikawaka, TV ikawaka, ile feni ikaanza kulia. Na wote saba wakanipigia kelele, "Mama Rannvá, zima taa."

Nilizima.

Walipokuwa wanavaa viatu, Turið akauliza, "Siku ya Bendera baada ya maandamano mnafanya nini?" Nikafungua mdomo nijibu, unanijua, lakini Rannvá kanitangulia. "Hatuna la kufanya. Njooni wote." Akalisema kama anasema mvua inanyesha. Mimi nilikwenda kuhesabu mayai ili nisilie mbele ya watoto.

Wao wamewaambia ndugu zao, ndugu wamewaambia mama zao, na mimi nimemwambia mchungaji, na mtu wa posta, na nadhani na wavuvi wa meli moja ya kutoka kisiwa cha Suðuroy, nilikuwa na furaha. Hanus atakuwepo, nimemwambia alete samaki na asiguse mlango. Mwite na Bi Lindegaard kama ana likizo, na mtunza jengo wako, kwa nini ananusa nyama yetu bila kumjua aliyeikausha. Nawe usiniambie habari za zamu. Mwambie mwokaji mkuu aimbe peke yake siku chache. Ndege zipo, kitanda kipo, Rannvá kasema mama mdogo atalala chumbani kwake.

Milango itakuwa wazi kuanzia saa nane mchana, Siku ya Bendera yenyewe, Alhamisi, tarehe ishirini na tano Aprili.

Dada yako,
Marjun